Sahani ya Valdis

Zelma alikuwa ameziloweka njegere za kijivu tangu jana yake, kwenye bakuli la udongo karibu na jiko la kuni. Asubuhi ya mkesha wa Krismasi akamwaga yale maji, akazitia sufuriani na maji mengine, akazifunika. Chumvi aliiweka kando kwanza, maana njegere zikitiwa chumvi mapema hukaidi kuiva. Akashusha pande la nyama ya nguruwe lililokaushwa kwa moshi, akalikata vipande vidogo, akakatakata na vitunguu, kisha akakaa kuulinda moto.

Mwaka huu aliloweka kidogo makusudi.

"Mama, zitatutosha kweli hizo?" aliuliza Ausma, mkamwana wake, akipita na kuni.

"Zitatutosha. Za mwaka jana zilikuwa nyingi mno."

Ausma aliziweka kuni kando ya jiko. Wote wawili walijua kwamba za mwaka jana hazikuwa nyingi. Sehemu zile njegere za mkesha huliwa zikaisha, kwa sababu inayobaki hugeuka chozi la mtu wa nyumba hiyo katika mwaka unaokuja. Mwaka jana kila mtu alimaliza zake isipokuwa Valdis, mtoto wa pili wa Zelma. Alikula hadi jasho likamtoka, na sahani ikawa imejaa vilevile. Hatimaye Zelma aliitoa nje wakapewa kuku. Kuku walishiba kila siku mpaka theluji ilipoyeyuka na maji yakaisomba sahani mtaroni.

Mkesha huo wa mwaka jana ulikuwa wa kwanza tangu Imants, mtoto wake wa kwanza na mume wa Ausma, alipozama ziwani. Alikuwa ameenda na Valdis kuvua samaki kwenye barafu. Valdis akarudi peke yake. Mwezi wa kumi na moja mwaka huu, Valdis na Ausma walikuja jikoni pamoja wakamwambia Zelma kwamba wanataka kuoana. Zelma aliwaambia ni vizuri. Tangu siku hiyo alianza kumtazama mwanawe anapokula.

Saa kumi jioni jua la majira ya baridi lilikuwa limeshazama, na meza ilikuwa tayari. Jirani yao Hugo, mjane mzee, alikuja kama kawaida yake na chupa ya mtindi mkononi. Zelma alipakua mwenyewe. Kwenye sahani ya Valdis alitia upawa mmoja tu, akamwagia juu nyama na vitunguu vilivyokaangwa, halafu akakaa mkabala naye.

Walikula. Hugo alimaliza, akaongezwa, akamaliza tena. Ausma alimaliza. Sahani ya Valdis, iliyoanza na chakula cha kumshibisha mtoto, sasa ilikuwa imejaa hadi ukingoni.

"Valdis," Hugo alisema, "hizo njegere unazila au unazilea?"

"Nakula, mzee."

"Mbona wenzako tunapunguza na wewe unazalisha?"

Ausma alicheka kidogo, kisha akaacha. Zelma akanyoosha mikono juu ya meza. "Hebu badilishaneni sahani, wewe na Hugo."

Wakabadilishana. Hugo aliikabili ile iliyojaa, akaila yote, akaikwangua kwa kipande cha mkate mweusi. Mbele ya Valdis palikuwa na sahani ya Hugo yenye mabaki ya ganda na kipande kimoja cha kitunguu. Valdis alilamba kijiko, akayaokota mabaki yale, akayala. Kabla mkate haujapitishwa upande wa pili, sahani ilikuwa imejaa tena, na inafuka moshi.

"Basi si sahani," Hugo alisema, akajifuta mdomo. "Ni mlaji." Akamtazama Zelma, akajimiminia mtindi, akaunywa wote amesimama. Alisema ng'ombe wake anakaribia kuzaa, akavaa kofia, akaondoka.

Ausma naye alichukua ndoo akaenda zizini kukamua. Walibaki mama na mwana.

"Wewe endelea kula," Zelma alisema. "Mimi nakuuliza tu. Mimi uliniambia siku ile Imants alipozama ulikuwa mbali, kwenye matete."

"Ndiyo, Mama."

"Polisi ukawaambia ulikuwa ufukweni unawasha moto."

Valdis alimeza. "Nilikuwa nimechanganyikiwa."

"Hugo ndiye aliyeukokota mkokoteni wenu wa barafuni kuurudisha nyumbani. Kamba ilikuwa ndani yake, imekunjwa vizuri. Kavu."

Valdis alikula vijiko kadhaa bila kuinua uso. Njegere zilipanda polepole, zikafunika alama ya kijiko chake.

"Hakupiga kelele," alisema mwishowe. "Aliniita tu, kama mtu anayeomba apitishiwe chumvi. Alikuwa ameshika ukingo wa barafu kwa viwiko."

"Na wewe?"

"Nilikuwa na kamba mkononi, Mama. Nikawa naiangalia. Nikamuwaza Ausma. Halafu nikaona kimya."

"Ukaikunja."

"Nikaikunja."

Kwa miezi yote ile Zelma alikuwa akiwaza kwamba siku akiyasikia maneno haya atapiga yowe, au atamfukuza. Sasa aliona kwamba mwanawe ana ganda la njegere kidevuni, na mkono wake mwenyewe ukaenda kulifuta kabla hajauzuia. Akaitazama sahani. Kusema hakukuipunguza hata kidogo.

"Hukulia hata siku ya mazishi," alisema.

"Nimejaribu. Machozi hayaji."

Mlango ulifunguka. Ausma aliingia na ndoo ya maziwa, theluji mabegani. Aliiweka ndoo chini, akawatazama, mmoja baada ya mwingine.

"Mama, kuna nini?"

Zelma aliinuka mezani. Aliwaza kwamba akimwambia, Ausma atafunga mizigo yake kabla ya mwaka mpya, na polisi watakuja kumchukua Valdis. Angebaki yeye na jiko. Tena aliwaza kwamba asipomwambia, binti huyu atalala kila siku kando ya mtu aliyeikunja kamba. Aliyapima yote mawili, na hakuna hata moja lililokuwa jepesi.

"Zimekauka," alisema. "Zinataka mafuta."

Akaenda kwenye ubao, akakata nyama nyingine.

"Nakuuliza mara moja tu," Ausma alisema nyuma yake. "Kuna kitu unakijua?"

Mafuta yalianza kulia kwenye kikaango. "Hakuna," Zelma alisema.

Ausma alibaki amesimama na koti lake mwilini, akimtazama Valdis, ambaye alikuwa akila. Alimtazama hivyo mpaka theluji ikayeyuka mabegani na kumtiririkia mikononi. Kisha akavua koti, akalitundika. Usiku ule alihamishia mto wake chumba cha wageni, lakini hakuuliza tena, na wala hakuondoka.

Walioana mwezi wa sita, nyasi zikiwa zimekatwa na meza zimetandikwa uani. Hugo alituma salamu kwamba mgongo unamsumbua. Wageni walikula jibini, wakanywa bia, wakaimba. Mbele ya bwana harusi ilikuwepo ile sahani ya njegere za mkesha, bado imejaa, na waliokaa karibu naye walichota humo kwa vijiko vyao na kuzisifu. Shangazi mmoja alimwomba Zelma amfundishe jinsi ya kuzikaanga.

Ausma alikuwa na shada la maua kichwani na alijibu kila aliyemsemesha. Kiti chake alikisogeza kidogo, akakaa ameelekea barabarani.

Upande wa pili wa Valdis alikaa mama yake, akimmegea mkate. Kila alipouona mkono wa mwanawe unalegea na kijiko kinashuka, alimwinamia sikioni na kumwambia kwa upole ale.