Uso wa Mtu Aliyekwisha Kuambiwa

Kaka yangu Déogratias alipewa kamera yake kwenye uwanja wa ndege wa Kavumu, na aliyempa hakuwa na nia ya kumfurahisha. Bosi wake wa ofisini, mama mmoja Mbelgiji, alikuwa anarudi kwao moja kwa moja. Mizigo ikapimwa, ikazidi kilo mbili, naye akafungua sanduku palepale akatoa kamera na viatu vya mvua. Viatu alipewa dereva. Déo, aliyekuwa amemsindikiza ili kumbebea makaratasi, akarudi kwetu Kadutu na kamera shingoni. Siku hizi watu wakimuuliza alianzaje kupenda foto, husema tangu utotoni aliiona dunia kwa jicho la pekee. Mimi Joviale ni dada yake, nililala naye chumba kimoja miaka kumi na moja. Utotoni hakuwa anaona hata ubao wa darasani, mpaka aliponunuliwa miwani.

Alimpata mwenzake mara moja, maana wagonjwa wa aina hii hutafutana. Anaclet anauza dawa Nyawera na anapiga foto za mabati tu. Anasema siku moja alipanda ghorofani kupeleka dawa, mvua ikawa imekatika, akayaona mabati yote ya Kadutu yamelowa kwa pamoja, akasahau dawa ni za nani. Kila Jumapili baada ya misa ya pili walizunguka kwenye ngazi za mlimani na vichochoro, halafu wakaja kukaa kwetu kubishana kuhusu mwanga. Kipenda roho hula nyama mbichi, na hawa wawili walikula pia maandazi yangu ya wiki nzima. Mimi ni mwalimu wa darasa la tano, nimezoea watu wanaoongea bila kumaliza, lakini wale wa darasani kwangu angalau hupigiwa kengele.

Déo alipenda nyuso za wazee. Wa kwanza alikuwa Papa Edouard, fundi cherehani wa avenue yetu, aliyekaa mlangoni na koti lake la kanisani, mikono juu ya magoti. Foto ilitoka nzuri sana, hilo silikatai. Wiki tatu baadaye Papa Edouard akafariki, na kwa kuwa kwetu hakuna msiba bila foto kubwa ndani ya fremu mbele ya jeneza, watoto wake waliiweka ile. Kila aliyekuja kulia aliuliza nani aliipiga. Baada ya miezi miwili akafuata bibi mmoja wa karibu na soko, naye pia alikuwa amepigwa foto na Déo. Wa tatu alikuwa katekista. Watu watatu wanatosha kuzusha uvumi. Wazee wakaanza kupitia njia ya chini, yenye matope, wakimwona Déo kwenye ngazi, na akina mama wazima wenye akili zao wakawa wanamsalimia huku wamejifunika uso kwa kitenge.

Watoto wa wazee hao nao walikuwa na hesabu nyingine. Walimfuata ofisini kwa siri: baba yetu hajisikii vizuri, ungepita kumsalimia, halafu usisahau apareyi yako ya foto. Déo alikwenda, kwa sababu hajui kukataa, na kwa sababu alizipenda zile nyuso. Ndivyo alivyoingia kwa Papa Jean-Baptiste, mstaafu wa posta, aliyekuwa na malaria ya kawaida. Mzee alimtazama Déo, akaitazama kamera, kisha akawageukia watoto wake waliosimama ukutani. Aliwauliza, "Mulishachoka na miye?" Mpaka leo yuko hai, anapanda ngazi zetu bila fimbo, na hamwitikii Déo salamu.

Tulicheka sana nyumbani kwa hilo. Mama yetu ndiye aliyecheka kuliko wote, na mwezi uliofuata akaanza kuvimba tumbo.

Daktari alituita mimi na Déo kwenye korido akatuambia ini limekwisha, tumrudishe nyumbani, tumpe anachokitaka. Hatukumwambia mama. Kwetu mgonjwa haambiwi. Anaambiwa apumzike, anywe supu, wiki ijayo tutaona. Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema, lakini hawasemi kitu kuhusu wanaomfichia mwingine. Mama yetu, Maman Marie-Louise, alitusikiliza, akaitikia kila kitu, akaomba apelekewe kiti chake barazani.

Ndipo Déo akagundua kwamba hatukuwa na foto yake. Tulipekua kabati, albamu, simu. Katika kila arusi na kila komunyo ya kwanza tulikuwa sote tumejipanga tunang'aa, na yeye hayumo. Alikuwa jikoni. Miaka arobaini, kila foto ilipopigwa, mama alikuwa anageuza nyama. Kulikuwa na kadi yake ya uchaguzi peke yake, iliyokaa ndani ya fundo la kitenge mpaka uso ukafutika. Kaka yangu alikuwa na maelfu ya foto za wazee wa watu. Mganga hajigangi, nikamwambia, na nilimwambia kwa ukali, kwa sababu mimi pia nilikuwa na simu.

Alitaka kumpiga foto kesho yake. Nikamkatalia. Avenue nzima ilijua maana ya Déo kuinua kamera mbele ya mgonjwa, na mama alijua kuliko avenue. Kumpiga foto kulikuwa ni kumwambia. Kutompiga kulikuwa ni kumzika bila uso, na kubaki sisi tukibishana uzeeni kama alikuwa na mwanya au hakuwa nao. Tuligombana siku nne kwa kunong'ona. Siku ya tano alikuja na kamera ndani ya koti, amelifunga vifungo vyote, joto lote lile. Mama aliuona mkanda shingoni mwake.

"Basi, tulishafika pale," alisema.

Déo alianza kueleza kwamba alikuwa anapita tu, kwamba Anaclet alikuwa anamngojea. Mama akaninyooshea mkono nimletee kitambaa chake cha bluu. Akakifunga polepole, akakaa wima, akaweka mikono juu ya magoti. Déo akapiga. Akapiga tatu. Kisha mama akaomba aone. Aliishika kamera mbali na macho, kama anavyoshika karatasi ya duka la dawa, akatazama kioo kidogo kwa muda mrefu.

"Ii hapana," alisema. "Apa niko sawa mutu balishaambia. Utanipiga siku nitasahau."

Alisema kweli, alionekana kama mtu aliyekwisha kuambiwa. Nilitazama na mimi. Ulikuwa uso wa adabu, uso wa mtu anayengoja kwenye ofisi ya wengine. Haukuwa wa mama yetu.

Kwa hiyo Déo akaanza kungoja asahau. Aliomba likizo ofisini. Aliiacha kamera juu ya kabati ili macho ya mama yaizoee. Alijificha nyuma ya pazia la mlango, mtu wa miaka arobaini na mbili. Haikusaidia. Mama alikuwa anaongea na jirani vizuri, anacheka, mara sikio lake likasikia kaka yangu anasimama, basi uso unafunga. Hakufanya kusudi. Aliomba msamaha hata, akasema ni mwili wenyewe. Anaclet alikuja na ushauri wa lenzi ndefu, nikamfukuza. Tumbo lilikuwa linapanda, mashavu yanashuka, na kila asubuhi Déo alikuwa anampiga mtu mwembamba kuliko wa jana. Nilimwonea huruma, na nilikasirika kwamba nilimwonea huruma, maana yule aliyekuwa anakufa alikuwa mwingine.

Jumamosi moja asubuhi nilimpa maharagi achague, ili mikono yake ipate kazi. Alikaa kwenye kigoda karibu na kiti cha mama, sinia katikati yao. Déo hajawahi kuchagua maharagi maishani mwake. Alikuwa anatupa mazima na kuacha mawe, kwa makini kabisa, miwani puani. Mama alimtazama kwa muda, akavumilia, akashindwa. Akaingiza mkono kwenye sinia.

"Unatupa mazuri, unaacha mawe," alimwambia. "Diplome yote ile. Ni nani alikufundisha ivi? Miye hapana."

Alikuwa anamgombeza, na anacheka, na anamtazama kama alivyomtazama siku alipoanguka mtihani wa taifa mara ya kwanza. Mimi nilikuwa napita na sufuria. Niliiweka chini. Kamera ilikuwa juu ya kabati, nikaichukua, nikatazama ndani, nikabonyeza kitufe kimoja nilichokijua. Ikalia. Mama hakugeuka. Aliendelea kumfundisha kaka yangu kutofautisha jiwe na haragi, na mimi nikabaki nimesimama na kile kitu mikononi. Tangu siku hiyo sijawacheka tena watu wa kamera. Nilikuwa nimemwona mama yangu mzima, hanioni, na sikutaka kushusha mkono.

Déo aliitazama foto baadaye, jikoni. Akasema nimepiga vibaya, mwanga uko nyuma, na yeye mwenyewe amejaza nusu ya foto. Kisha akavua miwani akatoka nje, akakaa huko. Mama nilimwonyesha jioni. Hakuishika mbali safari hii.

"Ii njo mutaweka," alisema, akanirudishia kamera, amekwisha kuchagua ya msibani.

Alifariki baada ya siku kumi na tisa, mchana, mvua inanyesha. Kaka yake mama, tonton Akonkwa, alifika kutoka kijijini kusimamia msiba, na alipoiona foto akatikisa kichwa. Alisema ni nzuri, mama mwenyewe kabisa, lakini kijana yuko ndani. "Habawekake mutu muzima mbele ya sanduku," alisema, na wazee wote wakakubali kwamba aliye hai hawekwi mbele ya jeneza. Tungeomba nyingine, lakini nyingine zote zilikuwa na uso ule wa kitambaa cha bluu. Déo hakubishana. Alikwenda studio, akakaa mbele ya kompyuta, akajikata mwenyewe: kwanza bega, kisha miwani, kisha mikono pamoja na sinia. Akabaki mama peke yake, kichwa kimeinama kidogo upande wa kushoto, mdomo wazi, anamgombeza na kumpenda mtu asiyekuwepo.

Fremu ikawekwa juu ya meza ndogo, mbele ya jeneza, maua huku na huku. Watu walioingia walisimama wakatabasamu kabla ya kulia. Wengine walijiuliza anamwangalia nani. Wanaume walikuwa wamekaa uani chini ya turubai, na tonton Akonkwa alimwekea Déo kiti pale, kiti cha mtoto wa kwanza, karibu na padri. Kilibaki kitupu. Tonton akaniuliza kaka yako yuko wapi, nikaingia kumtafuta.

Alikuwa sebuleni, katikati ya akina mama waliokuwa wanaimba. Alikuwa amekaa sakafuni, ameegemea ukuta, upande wa kushoto wa meza, pale macho ya mama yalipokuwa yanaelekea. Miguu yake ilifika mlangoni, watu wakawa wanaivuka. Mama mmoja alimwomba asogee kidogo, akasogea, kisha akarudi palepale. Hakuwa analia. Alikuwa ameinua uso, kama mtoto anayesubiri kuambiwa alikosea wapi.

Sikumwita. Nilikwenda chumbani nikaichukua kamera, nikarudi, nikapiga magoti kati ya akina mama mpaka nikawapata wote wawili.