Dirisha la Nyuma la Bi Mwanawema

Nyumba ya Bi Mwanawema pale Mtambile ilijengwa kwa mawe na udongo, na kwa miaka mingi ilivaa makuti kama nyumba yoyote yenye adabu. Kisha mwanawe Abdulsamad, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Chake Chake, akamwonea mama yake huruma. Akayashusha makuti, akapandisha mabati mapya yaliyong'aa hata kunguru wakipita juu wakawa wanakwepa. Mvua haikuvuja tena. Lakini ikifika adhuhuri, chumbani kwa bibi huyo ungeweza kuoka mkate wa mofa bila kuwasha moto.

Abdulsamad hakuwahi kukiri kwamba mabati yake ndiyo yaliyoleta balaa. Alisema nyumba imezeeka. Na baada ya mama yake kuzimia kwa joto mchana mmoja, alitoa uamuzi: Ijumaa, baada ya sala, atakuja kula chakula cha mchana, kisha atajilaza chumbani kwa mama. Akikuta joto ni lile lile, Bi Mwanawema atahamia Chake kwenye chumba chenye kiyoyozi, na nyumba itatiwa kufuli. Bi Mwanawema hakubisha, maana mtu aliyezimia hana hoja nyingi. Ila jioni ile aliifagia baraza mara mbili, na mara ya pili hapakuwa na taka.

Aliyemwona akifagia ni mjukuu wake Nadhira. Binti huyu alikuwa nyumbani kwa likizo kutoka shule ya bweni, ambako alivuliwa ukiranja kwa kuiga sauti ya mwalimu wa zamu na kulipanga bweni zima mstarini siku ya mapumziko. Alikaa kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, akaunda Kamati ya Kupoza Nyumba, akajipendekeza mwenyewe kuwa mwenyekiti, akapiga kura, akashinda bila kupingwa.

Kamati ilianza kazi kwa kukosea, kama kamati nyingi. Nadhira alikuwa ameona kwenye simu watu wakitundika nguo mbichi mbele ya feni, chumba kikapoa. Akalowesha kanga, akaitundika dirishani, akawasha feni, akamketisha bibi yake mbele yake kama mgeni rasmi. Kumbe dawa hiyo ni ya nchi zenye hewa kavu. Hewa ya Pemba imeshashiba maji, haina pa kuyaweka mengine. Haukupita muda, kuta zikatoa jasho.

"Mjukuu wangu," alisema Bi Mwanawema kwa upole, "hapa unanipoza au unanipika kwa mvuke?"

Mwenyekiti aliiondoa kanga kwa heshima zote na kufunga mjadala huo.

Kesho yake aligeukia paa, maana huko ndiko jua linakoingilia. Palikuwa na chokaa iliyobaki watu walipopaka msikiti, na wenyewe wakamruhusu aichukue. Aliiloweka, akatia chumvi ili ishike, akautenga mfereji wa mvua na tangi la maji usije ukapeleka chokaa humo, kisha akapanda ngazi alfajiri mabati yangali baridi. Alipomaliza, paa lilikuwa jeupe kama kanzu ya Idi. Siku ile, jua lilipokuwa utosini, aliweka kiganja juu ya bati na hakukiondoa.

Chini ya mabati alitandaza dari. Bi Mwanawema alikuwa na majamvi kuukuu ya kuanikia karafuu, yaliyotoboka hata hayafai tena uwanjani, nayo yamekunjwa chini ya kitanda kwa sababu hakuna mzee wa Pemba anayetupa jamvi. Nadhira aliyafunga kwenye boriti kwa kamba ya usumba, akaacha mwanya huku na huku ili joto la juu lipate pa kutokea. Chumba kikanukia karafuu. Ukuta wa magharibi, unaopigwa na jua la alasiri, akautundikia makuti yale yale yaliyoshushwa na ami yake Abdulsamad, ambayo hadi hapo yalikuwa yakilaliwa na kuku.

Joto lilipungua. Hewa, hata hivyo, iligoma. Upepo ulifika mlango wa mbele, ukasimama kizingitini kama mgeni asiyekaribishwa, ukarudi zake. Nadhira alielewa tatizo: upepo hauingii mahali usipoona njia ya kutokea. Na njia ya kutokea ilikuwapo, nyuma ya pazia zito, nalo ni dirisha la nyuma. Bi Mwanawema alikuwa amelipigilia misumari kwa mkono wake.

Hilo lilikuwa jambo la zamani. Msimu mmoja, watoto wa jirani yake, Bi Asma, waliokota mpeta, yaani karafuu zilizodondoka, chini ya mkarafuu wa Bi Mwanawema. Bi Asma alidai tawi lilikuwa upande wake. Maneno yakaja, mengine yakafuata, na jiko la Bi Asma lilikuwa linatazamana na dirisha lile. Tangu hapo Bi Mwanawema hakutaka kuona jiko, wala moshi wake, wala mwenyewe. Nadhira alipomwomba alifungue, alijibiwa kwamba bora joto.

Basi Nadhira akazunguka nyuma ya nyumba kuangalia kama kuna namna nyingine. Huko akamkuta Bi Asma anaanika. Kwenye kamba, sawa kabisa na dirisha, palikuwa na kanga moja iliyopauka, na maneno yake yalikuwa: *Kimya chako nishakielewa.*

Alimwamkia. Bi Asma aliitikia, kisha akashusha sauti.

"Macho ya bibi yako mazima?"

"Mazima, alhamdulillahi."

"Basi ana moyo mgumu. Kanga hii naianika kila nikifua, miaka yote hii. Yeye anachungulia tu kwenye mwanya. Hajanijibu hata kwa leso yake yenye maneno."

Nadhira alilitazama dirisha. Kwa nje lilionekana limerudishwa tu. Misumari na pazia vilikuwa ndani. Akaelewa kwamba Bi Asma wa watu alikuwa akilisuta pazia miaka yote hiyo. Kicheko kilimpanda hadi kooni, akakimeza na kuweka uso wa matangani, akaaga.

"Bibi," alisema alipoingia ndani, "Bi Asma anaulizia macho yako."

"Macho yangu yamemfanya nini?"

Nadhira akamweleza kanga na maneno yake. Bi Mwanawema alikunja ncha ya mtandio wake, akaikunjua.

"Kila akifua?"

"Kila akifua. Majirani wanasema ushashindwa."

Hilo la majirani lilikuwa lake Nadhira mwenyewe. Majirani hawakuwa wamesema kitu.

"Lete nyundo," alisema Bi Mwanawema.

Misumari ilitoka ikilia kwa kutu. Mbao zilipofunguka, upepo uliingia mlango wa mbele bila hodi, ukapita juu ya kitanda, ukatikisa ncha za majamvi, ukatokea nyuma na kuipeperusha ile kanga kambani. Bi Asma alikuwa amekaa anakuna nazi. Mkono wake ulisimama.

"Asma," alisema Bi Mwanawema. "Kanga ya kunisuta mie ndiyo imepauka hivyo?"

"Imepauka kwa kukungoja wewe."

"Haya, nishakuja. Na hao majirani wanaosema nimeshindwa ni nani?"

"Majirani gani?"

Wazee wawili walimgeukia Nadhira kwa pamoja. Hukumu ilitolewa papo hapo, mmoja akisema, mwingine akiitikia: atakuna nazi za nyumba zote mbili hadi shule ifunguliwe. Kisha wakarudi kwenye mpeta na lile tawi, wakabishana hadi alasiri, kila mtu kwake, katika hewa nzuri.

Ijumaa Abdulsamad alifika na uso wa mkaguzi. Alikula wali na pweza wa nazi, akaingia chumbani na kanzu yake, akajilaza na kutazama juu, akisubiri joto limpe ushahidi. Bi Mwanawema alikaa barazani, mikono mapajani. Nadhira, huku anakuna nazi, alipunguza kasi apate kusikia.

Kilichosikika ni mkoromo. Bi Asma akachungulia dirishani, akauliza kama mgeni amekuja kumchukua mama yake au kuhamia. Bi Mwanawema aliingia polepole, akamkuta mwanawe amejikunyata, akamfunika kanga.

Alipoamka, adhana ya alasiri inaita, Abdulsamad aliishika ile kanga, akaitazama dari, akalitazama dirisha. Wote walimngoja.

"Mnaona," alisema, "mabati mazuri yale."

"Mazuri, mwanangu," alijibu mama yake. "Yalikuwa yanataka kanzu tu."

Akaondoka kabla ya magharibi, peke yake. Kufuli alilokuja nalo alilisahau mezani, na Bi Mwanawema akalitia kwenye mlango wa banda la kuku.