Mama Wastani

Wanafunzi walimwita Mama Wastani, na mwalimu mkuu alijua. Hakuwalaumu. Kila asubuhi mbele ya mstari hakuwa na wimbo mwingine: wastani wa shule umeshuka, wastani wa shule lazima upande. Hata mama wa chai ya walimu alizoea kumuuliza kwa utani, wastani umeamkaje leo.

Mwaka huo utani uliisha. Ofisa elimu alikuja, akajikalia bila kukaribishwa, akamweleza waziwazi: matokeo ya darasa la mwisho yakishuka tena, shule inafungwa, watoto wanahamishiwa ile ya upande wa pili wa mji.

"Mkubwa, hawa wangu hawatafika huko," alisema mwalimu mkuu. "Hapa kwenyewe wanafika kwa taabu."

"Shule yako ilikuwa inaongoza, mama. Sijui mmeilisha nini."

Hawakuilisha kitu. Kiwanda cha nguo nyuma ya shule kilifunga milango, na watoto wa makarani na mafundi mitambo wakaondoka na wazazi wao. Nyumba za kiwanda zikajaa watu waliofukuzwa na mafuriko huko mabondeni, waliokuja na magodoro kichwani na lugha yao mdomoni. Watoto wao waliingia darasani wakiwa hawaelewi hata swali linauliza nini. Wengine walikuja siku zile tu ambazo hapakuwa na kibarua cha kubeba kokoto. Walimu walifundisha mpaka sauti zikakauka. Wazazi wenye uwezo kidogo walipoona hivyo wakaanza kuwatoa watoto wao mmoja mmoja, kimyakimya, kama watu wanaochomoka msibani kabla ya mazishi.

Katika darasa la mwisho alibaki mmoja wa kutegemewa hasa, binti wa seremala. Alikuwa na kichwa, na alikuwa na subira. Mchana aliketi na wale wageni kwenye ngazi za maktaba, akiwafafanulia hesabu kwa maneno machache waliyokwisha kuyashika. Ijumaa moja mwalimu wa darasa lake aliingia ofisini amenywea.

"Baba yake amekuja kuulizia uhamisho."

Mwalimu mkuu hakungoja hata kengele ya kwenda nyumbani. Akashika njia mpaka kwenye karakana ya seremala, akamkuta anapiga randa ubao wa mlango. Seremala akaacha kazi, akafuta kiti kwa kiganja.

"Karibu, mwalimu. Kaa bila wasiwasi, hakitakuangusha. Nimekiunda mwenyewe."

Alikaa, lakini hakucheka. "Baba, nimekuja kukupigia magoti. Usimtoe binti. Angalau amalizie kwetu."

"Nakuheshimu, mwalimu. Lakini nimemuuliza mtoto wamefika wapi kwenye sayansi. Wako palepale pa muhula uliopita. Mwalimu anarudia, anarudia."

"Anarudia kwa sababu wenzake hawajaelewa."

"Najua. Wala siwasemi vibaya, na wao wana wazazi wao. Ila mimi ninaye huyuhuyu mmoja, na marehemu mama yake nilimwahidi."

"Wenzake yeye ndiye anayewashika mkono. Akiondoka, lile darasa limekwisha, baba. Limekwisha!"

Sauti ilimpanda kuliko alivyotaka. Seremala akapuliza vumbi la mbao juu ya ubao, kisha akauliza taratibu:

"Na wako, mwalimu? Anasoma wapi?"

Angeweza kudanganya. "Shule ya kulipia," akasema.

"Basi tumeelewana."

Hakukuwa na kejeli hata chembe katika sauti yake, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Jumatatu iliyofuata kiti cha binti kilikuwa kitupu.

Jumatatu hiyohiyo jioni mwalimu mkuu alimwambia mumewe kwamba anataka kumleta mtoto wao shuleni kwake. Mume alikuwa anapiga pasi shati la kazini. Pasi ikabaki hewani.

"Mke wangu, umechanganyikiwa? Unataka kuziba shimo kwa mtoto wako mwenyewe?"

Mtoto alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. "Mama, nikija, shule yako haitafungwa?"

Alimtazama: sare safi, soksi zimevutwa mpaka magotini. "Itafungwa tu, mwanangu. Kaa hukohuko."

Moyo wake ukatulia aliposema hivyo, na akajichukia kwa kutulia kwake.

Maji yalikuwa yamefika shingoni. Mtihani ulipokaribia, makamu wake alifunga mlango wa ofisi, akainama mezani. "Dada, wale wa mafuriko wabaki nyumbani. Tuwaambie tu kwamba karatasi zao hazijafika. Wastani utapanda wenyewe."

Hakumfukuza. Aliwaza, kisha akainuka kwenda darasani kuwaambia. Aliwakuta wameinamia madawati wanafanya marudio peke yao, bila mwalimu. Mmoja, msichana mrefu aliyekuwa akikaa mwisho kabisa, alisimama.

"Mwalimu, siku ya mtihani tuje saa ngapi?"

Akasikia sauti yake mwenyewe ikijibu: "Mje mapema. Wote."

Wakaja wote, na matokeo yakaporomoka. Yule msichana mrefu alifaulu, tena vizuri. Mwalimu mkuu akaenda na habari hiyo mpaka ofisini kwa ofisa elimu, akasihi, akaomba mwaka mmoja tu, akalia mbele ya makarani bila aibu. Ofisa alimsogezea glasi ya maji.

"Mmoja hainyanyui shule, mama. Unajua hesabu kuliko mimi."

Shule ikafungwa. Yeye mwenyewe alipelekwa ile ya ng'ambo ya mji, mwalimu wa kawaida, hana ofisi hana funguo. Siku ya kwanza alisubiri getini mpaka jua likawa kali. Katika watoto wake wa madarasa ya chini walifika wachache, viatu vimejaa vumbi. Wiki nzima, akitoka kazini, alikwenda kwenye nyumba za kiwanda akibisha mlango kwa mlango. Wavulana walikuwa machimboni. Wasichana wengi aliambiwa wamekwenda kufanya kazi za ndani, kwa nani, hakuna aliyejua vizuri.

Kwenye mlango wa mwisho alimkuta msichana wa darasa la chini akifua, mdogo wake mgongoni.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Mbona sikuoni shuleni?"

"Ni mbali, mwalimu. Mama akirudi kokotoni huwa jua limezama. Huyu nitamwacha na nani?"

Akavua viatu, akaketi kando ya beseni, akanyoosha mikono.

"Nipe mtoto nikushikie kwanza," alisema. "Maliza kufua."