Ndoo ya Mayai Mikononi mwa Mtani

Mwaka ule kila biashara ilikuwa ruksa, isipokuwa ile iliyolala chini ya mayai yangu. Nilimaliza kidato cha nne Kilosa, nikapata cheo kikubwa: kukimbiza mayai ya kuchemsha kwenye madirisha ya mabasi, stendi ya Mikumi. Asubuhi hiyo Petro, utingo wa lori, alipanga bangi kwenye ndoo yangu, akafunika kwa nailoni, mayai juu. Nimkabidhi dada mmoja wa basi la Dar, imekwisha. Nyumbani tulikuwa tunalalia uji. Nikakubali.

Basi halijafika, wakafika polisi wawili. Wanapekua mizigo.

Nikageuka nichomoke kimya kimya, uso kwa uso na Mama Sesilia, muuza ndizi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mchunga ng'ombe." Akaipokonya ndoo. "Ngawira! Ng'ombe wenu Wasukuma wamemaliza mahindi yetu, leo sisi Wasagara tunakula mayai!"

Stendi nzima ikacheka. Mtani akichukua, kachukua; ukinuna, aibu yako. Mimi mwenyewe ndizi zake humpora vivyo hivyo.

"Mama, rudisha. Leo sina utani."

"Sikieni! Msukuma kaishiwa utani!" Akaipakata ndoo, akaanza kumenya yai.

Polisi mmoja, mnene, akamsogelea. "Ndoo yako hii, mama?"

"Yangu kabisa. Nimeirithi sasa hivi."

Ningeweza kuondoka. Haki ya Mungu, miguu ilishaanza. Lakini afande akazamisha mkono kwenye mayai, anachagua kubwa, anazidi kuzama.

"Ni yangu, afande," nikasema. "Na chini kuna bangi."

Watu wakaangua kicheko. Afande mwenyewe alishika tumbo kwa ule mkono mwingine. "Huyu kijana! Juzi kaniambia mayai yake hutagwa na jogoo!"

Mama Sesilia peke yake hakucheka. Alikuwa ananitazama midomo inavyotetemeka. Yai likamponyoka.

"Laurent," akaniita. Sikujua kama analijua jina langu. "Mwanangu, sema unatania."

Nikatikisa kichwa. Kicheko kikakatika. Afande akautoa mkono, na nailoni ikatoka nao.

"Mwacheni mama," nikasema. "Yeye ni mtani wangu tu, kanipora."

Nikafungwa pingu. Mama Sesilia akamenya ndizi, akanilisha mwenyewe mbele ya stendi nzima.

"Kula, ng'ombe wee," akasema, machozi yakimtoka.