Tundu la Ubao wa Sebuleni

"Na huu ulikaa wapi, mama?" Yuditha aliuliza, akiugeuza ubao juani.

Nililijua lile doa. "Mlangoni pa jikoni. Hapo ndipo shangazi Rachel alipommwagia maziwa mchumba wake wa kwanza."

Akacheka, akauandika kwa kisu: MAZIWA.

Nyumba ya babu pale Machame ilipisha barabara. Tuliipangua ubao kwa ubao, tukatia namba za chaki, tukazilaza mbao bandani. Masika moja tu, bati likavuja, namba zote zikaenda na maji. Kaka Filemon akapiga simu kutoka Dar: "Elinipendo, mwisho Krismasi. Isiposimama, mbao nampa mwenye baa."

Mimi nauza mitumba Kiboriloni. Neno likiingia kwangu asubuhi, mchana soko zima limeshiba. Nikatangaza: natafuta mtu wa kuisimamisha nyumba ya babu, kisha akae nayo, aitunze. Wa kwanza aliuliza bei ya mbao. Wa pili alidai ramani. Wa tatu, huyu Yuditha, seremala kutoka Kahe, mwanamke mwenye vumbi kwenye nyusi, aliamkia, akaketi, akauliza: "Mle ndani nani alikuwa akigombana na nani?"

Nikadhani hamnazo.

"Watu hugombana mahali, mama. Nionyeshe mahali."

Jamani! Miaka yote nimeitwa mmbeya, leo ninaombwa.

"Mtu wa Kahe, nyumba ya babu?" Filemon alifoka kwenye simu.

"Wewe wa Machame, mlango wa mbele ulitazama wapi?"

Akakata simu.

Tulichukua miezi mitatu. Ukuta ulipanda kwa posa zilizovunjika, vilio vya misiba, na ulevi wa baba mdogo Hosea. Ukabaki ubao mmoja, wenye tundu dogo usawa wa kiuno. Yuditha alinitazama. Nikatia kidole tunduni.

"Ni wa kati ya sebule na chumba cha watoto," nikasema mwishowe. "Nilitoboa mimi, kwa msumari. Nikiwa na miaka saba."

"Nizibe?"

"Thubutu!"

Krismasi nyumba ilifurika watu hadi barazani. Filemon aliingia kwa mlango wa mbele, kilele cha Kibo mgongoni kwake. Alipotoka kumfuata Yuditha jikoni kuomba kuonyeshwa vyumba, nikawainamia mashangazi sebuleni, nikaanza kumsema Filemon.

Tundu likaingia giza. Kuna sikio upande wa pili, chumbani kwa watoto.

Nikapandisha sauti kidogo.