Huyu Bwana, Unamujua?

Katika parokia yetu ya Kilutheri pale Mangobo, mtu hawi mzee wa kanisa hivi hivi. Siku ya kusimikwa kwake, mchungaji humwita mke wa mtu huyo mbele ya watu wote na kumuuliza swali moja: "Mama, huyu bwana unamujua?" Mke akijibu kwamba anamjua, mume anawekewa mikono. Akinyamaza, shughuli imekwisha. Hakuna mke aliyewahi kunyamaza. Mimi nilikuwa nimeamua kuwa wa kwanza.

Mume wangu ni Zacharie, lakini mtaani wanamwita Papa Chance, kwa jina la binti yetu wa kwanza. Muulize yeyote. Nani anawapelekea wafungwa lituma ya ndizi na samaki? Papa Chance. Nani anapatanisha wanandoa, anachimba makaburi ya wasio na ndugu, anasoma Neno kanisani bila kukwama? Yeye yeye. Watu wakinipongeza nacheka tu. Mtu akiwa mwema kupita kiasi, mimi namtazama mara ya pili.

Mambo yalianza na baiskeli yake. Siku moja aliiegemeza ukutani akasema mnyororo umekatika. Nikaenda kuukagua: mzima kabisa, tena umepakwa mafuta. Kisha akapita sokoni mbele ya meza yangu ya samaki, karibu hata ningeweza kumvuta shati, asinisalimu. Nilipomwita akatabasamu kuelekea kwa jirani yangu. Haya, nikasema moyoni, mzee mtarajiwa sasa anaona aibu na harufu yangu ya samaki.

Halafu zikaja Alhamisi. Kila Alhamisi baada ya chakula alipanda toleka, zile baiskeli za abiria, akaenda zake. Alirudi shati linanukia udi. Nikimuuliza alikokuwa, jibu ni lile lile: "Kazi ya kanisa." Tangu lini Walutheri wa Mangobo wanafukiza udi?

Alhamisi iliyofuata nilikodi toleka yangu nikamfuata. Alishukia Kabondo, nyumbani kwa Mwalimu Asumani, anayewafundisha watoto Kurani. Lakini aliyetoka kumpokea si mwalimu. Alitoka Zaina, binti yake mjane, amejitanda vizuri, akamshika mume wangu mkono mchana kweupe na kumvusha mtaro taratibu. Naye akauacha mkono wake mle kama bwana harusi. Viatu vyake vilibaki mlangoni, kando ya ndala za yule mwanamke.

Nilirudi na hasira. Kitu kikinikaa tumboni kinaniumiza, lazima nikitoe. Nikampitia Françoise, jirani yangu anayeimba kwaya.

"Bwana yako? Papa Chance? Iko na mwanamuke kule Kabondo?"

"Nimeona na macho yangu."

"Alors, Jumapili utasema nini?"

"Nitanyamaza. Lakini nimekuambia wewe tu."

Hadi Jumamosi kwaya nzima ilikuwa inajua.

Jumapili ya kusimikwa kwake kanisa lilijaa. Niliketi benchi la mbele, na Françoise ananitupia jicho kutoka kwenye kwaya. Sisi masomo yetu hupangwa kwenye kalenda ya mwaka mzima, kila Jumapili na somo lake, na siku ile lilikuwa somo la Paulo. Mchungaji Hubert akasimama akasema, "Bon, kwa sababu ya wageni wetu wa Banalia wanaojenga kanisa lao, leo tunabadilisha. Papa Zacharie atatusomea Nehemia, ile ya kujenga ukuta."

Mume wangu alikuwa tayari mbele. Nikaona shingo yake inakakamaa. Akafungua Biblia, akafumba macho, akaanza kuyumba polepole mbele na nyuma, kama watoto wa Mwalimu Asumani wanavyoyumba wakisoma. Akaanza somo la Paulo.

"Papa," mchungaji alimkatiza kwa upole, "Nehemia."

Akapekua kurasa. Na hapo nikaona msalaba wa dhahabu kwenye jalada la Biblia. Ulikuwa kichwa chini.

Baiskeli. Meza ya samaki. Mkono wa Zaina juu ya mtaro. Mungu wangu, mume wangu haoni! Wanakwaya walikuwa wameanza kunong'ona.

Sijui nilisimamaje. Nilifika kando yake nikasema kwa sauti ya sokoni, "Mutuhurumie, ni kosa yangu. Nimesahau miwani yake ku nyumba." Miwani hajawahi kuwa nayo. Niligeuza Biblia, nikatafuta Nehemia, nikawa namnong'oneza mstari, naye anautoa kwa ile sauti yake nene. Mstari baada ya mstari, hadi mwisho. Hakukwama.

Mchungaji alitutazama kwa muda. Kisha akauliza swali lake.

"Namujua," nilisema. Ulikuwa uongo wangu wa pili ndani ya kanisa asubuhi ile.

Tulipotoka nje nilimvuta pembeni.

"Tangu lini?"

"Tangu mvua za mwaka jana. Macho yanaenda yanafifia tu. Zaina ananisomea, baba yake ananifundisha kushika kwa kichwa, vile anafundisha watoto yake. Niliogopa wakijua wataniambia nipumzike. Mimi kupumzika, nitakufa."

"Na mimi? Mimi bibi yako? Kwa nini Zaina ajue wa kwanza, mbele yangu?"

"Mama Chance," akasema, "Zaina anajua kufunga kinywa."

Nilitaka kufoka. Nikamkumbuka Françoise. Kumbe miezi yote ile nilikuwa nauliza anamficha nani, na aliyefichwa ni mimi.

Françoise akaja mbio, joho la kwaya linaburuta. "Mama Chance! Alors? Ilikuwa nini pale mbele?"

Nilifungua mdomo. Wanakwaya wengine walikuwa nyuma yake wanasubiri. Mbele yetu kulikuwa na mtaro, na mume wangu alisimama ukingoni akipapasa ardhi kwa ncha ya kiatu.

"Miwani," nilimjibu, nikamshika mume wangu mkono, nikamvusha.