Hatua Mia Mbili za Baba

Kutoka kigingi cha sita hadi cha saba, futikamba ilisoma mita arobaini na moja. Nikapima tena. Ileile. Nikaandika kwenye daftari, nikalifunga kwa kishindo ili Baba asikie.

Alikuwa mlinzi wa msitu ule kwa miaka thelathini na moja, na wazo la kituo cha kuwafundishia watoto habari za msitu lilikuwa lake tangu nikiwa shule ya msingi: darasa lisilo na kuta pale kambini, kitalu cha miche nyuma ya jiko, na njia ya kwenda kijitoni yenye mabenchi saba, la mwisho kando ya maji. "Mtoto aliyesimama anawaza miguu yake," alikuwa akisema. "Mkalishe, ndipo umwambie habari za mti."

Mimi, mchora ramani, nilipewa na wafadhili wa kituo wiki moja ya kuipanga njia hiyo. Yeye alitangulia siku moja kupiga vigingi vya mabenchi, kimoja kila baada ya hatua mia mbili. Hakuna aliyemtilia shaka. Kambi nzima ilimwita Futikamba, maana mia mbili zake zilikuwa mita mia na hamsini, mvua inyeshe, jua liwake.

Vigingi viwili vya kwanza vilikuwa hivyo hasa. Cha tatu, mia na arobaini na mbili. Halafu mia na ishirini, tisini na sita, sabini. Na sasa hiki, mahali ambapo hata sauti ya maji haifiki.

"Baba, ulikuwa unahesabu au unapiga soga na nyani?"

"Nilihesabu, mama. Mia mbili, mia mbili."

"Mia mbili gani za mita arobaini? Na kijito je?"

"Vigingi viliniishia."

Mpishi wa kambi, aliyekuwa ametuletea chai, akaangua kicheko. "Leo Futikamba kakatika!"

Tukacheka wote. Baba naye alicheka, akaketi kwenye kisiki, akajifuta uso kwa kofia. Asubuhi ile ilikuwa ya baridi, mimi nimevaa sweta. Niliona lile jasho nikadhani ni la aibu, na Mungu anisamehe, nilifurahi kidogo, kwa sababu utotoni yeye ndiye aliyekuwa akinisahihishia hesabu.

Nikaving'oa vitano, nikavipiga upya kwa kipimo hadi kijitoni. Alinishikia ncha ya futikamba, akija nyuma yangu polepole. Nilipokigusa kile cha saba tu, alikuwa amesema, "Hicho kiache, mama."

"Hakifai, Baba. Wafadhili watatucheka."

"Haya. Mwenye kalamu ni wewe."

Wiki tatu baadaye tulimkimbiza hospitali. Daktari alimuuliza Mama, "Pumzi zilianza kumkatika lini?" Mama akasema hajui, mume wake si mtu wa kulalamika. Kaka naye hakujua. Mimi nilitazama sakafu. Jibu lilikuwa kwenye daftari langu, kwa mwandiko wangu mwenyewe: jinsi hatua za baba yangu zilivyofupika kila alivyozidi kuchoka, na mahali hasa aliposhindwa kuendelea. Nililiona kabla ya daktari yeyote, nikalicheka. Moyo wake ulisimama kesho yake, saa nne asubuhi.

Kituo kilijengwa. Siku ya kufunga mabenchi nilikwenda mwenyewe, nikafukua majani makavu mpaka nikayapata yale matundu matano ya zamani, nikawaambia mafundi waweke mabenchi hapo. Msimamizi alinionyesha mchoro. Nikamwambia umekosewa. Aliniangalia usoni, akaukunja.

Watoto huyapita yale ya mwisho mbio, hawajachoka bado. Juzi mwalimu mmoja alirudi kutoka kijitoni akilalamika kwamba kule wamekaa chini kwenye tope, na huku mabenchi yamebanana.

"Hivi nani alipima njia hii?"

"Baba yangu," nilimwambia. "Na hakukosea hata hatua moja."